Duara letu la kuchimbia lilitoa dhahabu kwenye mita tatu za juu, kufika mita tisa kimya. Dhahabu imekwenda wapi?

#1 NgwanaNzega

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kufikiri, kichwa changu kimechoka.

Tuna PML (leseni ya uchimbaji mdogo) ya familia, hekta kama 8 hivi, huku Nzega, kwenye ule mkanda wa mawe ya kijani unaopita Lusu. Mwaka juzi shemeji yangu alikuwa anachimba choo cha shambani, akapasua moramu. Akachukua karai moja akaosha, kujaribu tu. Akaona mkia. Nami niliuona kwa macho yangu: mstari mwembamba wa njano pembeni ya mchanga mweusi, mrefu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Siku hiyo hakuna aliyekula mchana.

Tukafungua duara. Kuanzia mita 1 hadi 3 na nusu, kila mfuko wa moramu tuliopeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ulitoa pointi (sehemu za kumi za gramu) mbili, tatu, siku nzuri tano. Kufika mita 5 tukakuta udongo mwororo mweupe wenye madoa ya zambarau. Pointi zikakata. Tukashuka hadi mita 9 kwa imani. Hakuna kitu.

Tukasema basi twende kitaalamu. Tukachukua sampo za udongo 42, mistari mitatu iliyoachana mita 100, sampo kila mita 25. Majibu ya maabara: nyingi ziko chini ya 5 ppb (sehemu kwa bilioni), pale kwenye duara 38, na moja tuliyochukua kwenye kichuguu kikubwa upande wa mashariki ikasoma 210. Upande wa kusini ambako ni mbuga, bonde la udongo mweusi, zote 1 au chini ya hapo.

Tukauza ng'ombe wanne na mpunga wa misimu miwili, tukaleta rigi ya RC, ile ya kutoboa mwamba kwa hewa. Mashimo mawili ya mita 60, moja chini ya duara, moja karibu na kichuguu. La kwanza: mita 4 zenye gramu 0.3 kwa tani, kuanzia mita 31. La pili halikutoa kitu.

Swali langu: ile dhahabu ya juu ilitoka wapi? Nichimbe shimo la tatu au nirudi kwenye mpunga?

#2 MzeeWaSampo

Umeweka takwimu, asante. Wengi hapa huja na "nina mali nzito" halafu hakuna namba hata moja.

Kabla sijasema lolote, nijibu haya. Mashimo ya RC yalisimama wima au yaliinama? Kama yaliinama, kuelekea wapi? Sampo za udongo mlizitoa kina gani, na mlizichekecha? Kile kichuguu ni hai au kimekufa? Na shamba limeinamia wapi?

#3 Kifusi_na_Maji

Mkuu, mimi nimeshuka maduara tangu 2003, Nzega, Kahama hadi Geita. Nakwambia kwa moyo safi: dhahabu inahama. Nimeona duara linatema leo, kesho wenyewe wanagombana juu ya mgawo, keshokutwa mwamba umekuwa mweupe kama chaki. Mlipopata mkia wa kwanza mlifanya nini pale? Mliwaita wazee wa ardhi hiyo? Usidharau hili jambo.

#4 MamaKarasha

Kifusi kaka yangu, nakuheshimu, lakini nina makarasha matatu na mwalo wa kuoshea, na hiyo dhahabu inayohama nimeiona inakohamia. Inahamia kwenye karasha.

Mwana Nzega, nikuulize: karasha lililosaga moramu yako lilikuwa limesaga mawe ya nani kabla yako? Mawe mazuri yakisagwa, dhahabu inabaki kwenye mipira ya chuma na kwenye kona za pipa. Anayefuata akileta hata udongo wa kujengea atapata pointi. Kwangu mteja mpya lazima kwanza tusage mchanga mtupu tuutupe. Si wote wanafanya hivyo. Wiki mlizopata pointi tano, jirani yako kwenye foleni alikuwa na mawe ya wapi?

#5 JiolojiaKijana

Shikamooni wakubwa. Nimesoma jiolojia na nimefanya kazi za utafutaji miaka sita, nyingi kanda ya ziwa. Hii hadithi ya duara inajulikana kabisa, hata isiyo na mzimu wala karasha.

Nchi yetu hapa ni ya kale mno. Ule mwamba wa kijani una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na umeoza kwa joto na mvua kwa mamilioni ya miaka. Ukichimba kutoka juu unapita udongo, halafu moramu yenye chuma, halafu udongo mweupe wenye madoa, halafu mwamba uliooza ambao bado unaonyesha mistari ya jiwe lake la asili, ndipo unafika jiwe gumu. Maji ya ardhini huyeyusha dhahabu kidogo kidogo kutoka kwenye mshipa, huipandisha na kuisambaza, na chuma cha kwenye moramu kinaikamata. Kwa hiyo moramu inakuwa na dhahabu iliyotandazwa kama uyoga: kofia pana juu, shina jembamba chini. Na mara nyingi chini ya kofia kuna ukanda uliolowa na kufuliwa, hauna kitu, mita kadhaa hata zaidi. Wewe ulikuwa kwenye kofia, ukaangukia kwenye ukanda uliofuliwa. Udongo mweupe wenye madoa ya zambarau ndio huo.

Shina liko wapi ndilo swali. Si lazima liwe chini ya duara lako. Linaweza kuwa mita 30 pembeni.

#6 MwishoWaReli

Nasubiri majibu ya #2. Wanyamwezi mkipata dhahabu mnatuita, mkipoteza mnatuita. Sisi Waha tumezoea, ndiyo utani wenyewe.

#7 NgwanaNzega

Mwisho wa Reli karibu, mtani, ukija lete migebuka.

Majibu ya Mzee: mashimo yote mawili yalisimama wima. Mwenye rigi alisema wima ni nafuu na haraka. Sampo za udongo tulichukua kama sentimita 15 kwenda chini, shamba lilikuwa limelimwa, hatukuchekecha. Kichuguu kimekufa, juu yake kuna mti wa mkwaju. Shamba limeinama kutoka kaskazini, kuna kilima kidogo cha mawe kama mita 400 nje ya leseni yetu, kuteremka hadi mbuga kusini.

MamaKarasha, swali lako limenikosesha usingizi. Wiki ile karasha lilikuwa linasaga mawe yaliyotoka kwenye rashi mpya, machimbo mapya watu waliyoyakimbilia. Lakini ule mkia wa kwanza shemeji aliuosha kwa karai, moramu haijapita karasha lolote.

#8 FundiRigi

Wima! Kaka, pole sana, hiyo hela imeniuma kama yangu.

Mishipa mingi ya huku imesimama, imeinama digrii 60, 70, hadi 80. Ukichimba wima unashuka sambamba nayo. Unaweza kupita mita tano pembeni ya mshipa mzuri kutoka juu hadi mita 60 usiuguse. Ndiyo maana rigi huinamishwa, kawaida digrii 60, ikielekezwa kuukata mshipa kwa upana. Ili ujue uinamishe kuelekea upande gani, lazima kwanza ujue mshipa umelalia wapi. Hapo ndipo mlitakiwa kuanza na mtaro.

Jambo la pili, zile mita 4 kuanzia mita 31. Maji mlikutana nayo mita ngapi? Kwenye RC hewa inasukuma vipande vya mwamba kupanda kwenye bomba la ndani, vinafika kwenye saikloni, chombo cha kuvitenganisha na hewa, kila mita mfuko wake, kama kilo 30 hivi. Kukiwa kukavu, kazi safi. Maji yakiingia, unga unakuwa uji, dhahabu nzito inabaki chini ya shimo au inanata kwenye mabomba, halafu inatoka mita inayofuata. Nimeona mita moja nzuri ikageuka mita nne za wastani kwa sababu hiyo tu. Angalia mifuko ya mita 31 hadi 34, ile ya kwanza ndiyo yenye namba kubwa halafu zinashuka?

#9 NgwanaNzega

Fundi, nimefungua karatasi sasa hivi. Mita 31: 0.71. Mita 32: 0.29. Mita 33: 0.14. Mita 34: 0.08. Na maji tuliyakuta kama mita 29 au 30, nakumbuka vijana walilowa.

#10 FundiRigi

Basi ndiyo hiyo. Mita moja yenye 0.71, zilizobaki ni mkia wake. Si mgodi, lakini si sifuri. Kuna kitu mlikigusa pale.

#11 MzeeWaSampo

Fundi usiharakishe. Mita 31 inaweza pia kuwa ndiyo sehemu maji ya ardhini yalipoituliza dhahabu, ngazi ya maji ya zamani. Inakuwa utando wa kulala, si mshipa wa kusimama. Namba moja haiwezi kuamua kati ya hayo mawili.

Na hiyo ya wastani wa 0.3 ikukumbushe kwamba dhahabu yetu ni ya chembe. Maabara inachukua gramu 30 au 50 tu kwenye mfuko, inachanganya na risasi, inayeyusha kwenye tanuru ya zaidi ya digrii 1,000, inabaki punje ndogo ndiyo wanapima. Kwenye kilo 30 mlizotoa shimoni, kipande kimoja kidogo kama nusu ya punje ya chumvi kikiangukia kwenye zile gramu 50, namba inapanda. Kisipoangukia, unaambiwa hakuna. Nilishawahi kupeleka mfuko uleule mara tatu, majibu yakawa 0.4, 3.9 na 1.1. Hakuna aliyekosea, dhahabu ndivyo ilivyokaa. Kwa hiyo hata shimo la pili "halina kitu" nalo nalitilia shaka.

Mlipeleka sampo za kupima maabara yenyewe? Yaani sampo tupu moja na sampo yenye jibu linalojulikana moja kwa kila ishirini hivi?

#12 NgwanaNzega

Hapana Mzee. Hatukujua kama mteja anaruhusiwa kumpima maabara.

#13 MzeeWaSampo

Si kuruhusiwa, ndiyo kawaida. Bila hiyo hakuna mwekezaji atakayekaa na wewe mezani.

#14 MkulimaWaManonga

Habari zenu. Mimi si mtu wa madini, nalima Igunga. Lakini udongo naujua na naona mnaupita haraka.

Kwetu ukitoka kilimani kushuka mbugani unapita udongo wa kila aina na kila mmoja una jina lake. Juu mawe, chini yake luseni, mchanga wa mihogo na karanga. Halafu itogolo, ule mgumu wa kijivu usiopenda jembe. Mwisho mbuga nyeusi, inayopasuka kiangazi hadi mkono unaingia. Luseni imetokea hapohapo kwenye mwamba wake. Itogolo na mbuga zimeletwa na maji. Sasa huyu ndugu anasema mbuga yote imesoma 1. Ingekuwa ajabu isingesoma 1! Lile tope limetoka mbali, limeufunika mwamba kama blanketi. Chini yake kunaweza kuwa na chochote na juu usione. Na hiyo moramu ya kwenye duara, je, imezaliwa pale au imeteremka kutoka kile kilima cha kaskazini? Ukiangalia kokoto zake, ni za duara laini au zina kona?

#15 JiolojiaKijana

Mkulima amesema kitu ambacho makampuni hulipia fedha nyingi kuambiwa. Sampo za udongo zina maana pale tu udongo umezaliwa juu ya mwamba wake. Kwenye mbuga lazima utoboe upite lile tope, kwa koleo la mzunguko au rigi ndogo ya RAB, uchukue sampo kwenye mwamba uliooza chini yake. 

Na kina cha sentimita 15 kwenye shamba lililolimwa ni kidogo. Tungeshuka sentimita 30 au 40, chini ya jembe, tuchekeche, tupeleke ule unga laini.

#16 Kifusi_na_Maji

Naona wote mmegeukia maabara. Mimi bado nasimama pale pale. Lusu yenyewe wazee waliijua kabla ya kampuni. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa 2001 ndipo wakasema wamegundua.

#17 JiolojiaKijana

Kaka Kifusi, kusahihisha mwaka tu: 2001 ni Bulyanhulu. Golden Pride, mgodi wa Lusu, ilizinduliwa 1999, ikiwa ya kwanza kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya zama hizi hapa nchini. Geita ikafuata 2000. Kwamba wachimbaji wadogo mara nyingi hutangulia, hapo sina ubishi na wewe. Ramani nyingi za utafutaji huanza kwa kuweka alama kwenye maduara ya watu.

#18 BintiWaUrambo

Mmenikumbusha babu. Alikuwa akisema Mjerumani alitengeneza sarafu za dhahabu Tabora mjini, tukadhani ni uzee.

#19 MzeeWaSampo

Babu yako alisema kweli, binti. 1916, vita imepamba moto, Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari hawana fedha za kulipa. Wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli hapo Tabora, upande mmoja tembo akiwa mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaiita kwa jina la mji wetu.

#20 MwishoWaReli

Reli iliyofika kwenu 1912 ikaja kupumzika kwetu 1914. Dhahabu mkaitumia yote njiani.

Nirudi kwenye mada. Kwetu Kigoma jiwe ni lingine. Sehemu kubwa ya bonde la Malagarasi ni mawe ya mchanga, madogo kwa umri ukilinganisha na ya Nzega, na Uvinza tumezoea chumvi, si dhahabu. Lakini Kakonko kuna kijito tuliosha mimi na kaka yangu miezi mitatu, chembe zinatoka kila karai. Tukapanda na maji kwenda juu, karai kila hatua 50. Zilizokuwa chini zilikuwa bapa na laini pembeni, kadiri tunavyopanda zinakuwa na makucha, zimeshikana na vipande vya mawe meupe. Halafu ghafla, karai moja tupu, ya pili tupu, ya tatu tupu. Tukarudi nyuma hatua 50 tukachimba kingo zote mbili. Mshipa ulikuwa ukingo wa kushoto, upana wa kiganja. Haukuwa tajiri, lakini tuliujua unakotoka.

Mwana Nzega, chembe zako zikoje? Chukua lenzi, uziangalie.

#21 NgwanaNzega

Sikuwahi kuangalia hivyo. Tulizichoma zote. Kuna kidogo shemeji alificha kwenye chupa ya dawa ya macho kwa kumbukumbu, nitaiomba.

#22 FundiRigi

Wakati anaitafuta chupa: asitokee mtu akamuuzia "kipimo" cha fimbo mbili za shaba zinazojikunja, wala simu yenye antena inayoonyesha dhahabu mita 40 chini. Mjomba wangu alimpa mtu wa namna hiyo pikipiki. Kifaa cha kugundua metali kinasikia punje kubwa iliyo karibu na juu, sentimita kadhaa, basi. Vipimo vya kweli vya chini, vya sumaku au vya kupitisha umeme ardhini, havisemi "dhahabu". Vinasema "hapa kuna mwamba wenye chuma" au "hapa kuna madini ya salfa". Dhahabu yenyewe unathibitisha kwa kutoboa.

#23 MamaKarasha

Na wakitoboa, mifuko ilale na mtu wenu. Yule wa Indonesia mnamkumbuka?

#24 JiolojiaKijana

Bre-X, kampuni ya Kanada, eneo la Busang. Ilianguka 1997. Walikuwa wanasaga kori (nguzo ya mwamba inayotolewa na rigi) yote badala ya kukata katikati na kubakiza nusu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kurudia kipimo. Dhahabu iliyokutwa kwenye sampo ilikuwa ya mtoni, ya mviringo, imenyunyizwa. Kanada ilibadilisha sheria za kuripoti akiba ya madini baada ya hapo. Hoja ya MwishoWaReli kuhusu umbo la chembe ndiyo ileile.

#25 BintiWaUrambo

Naomba kuuliza kuhusu kichuguu. 210 pale, 38 kwenye duara. Mchwa wanaipandisha vipi?

#26 MzeeWaSampo

Mchwa wanashuka kutafuta unyevu, mita nyingi, na wanarudi na udongo mdomoni wa kujengea. Wanaleta juu kilichoko chini ya moramu na chini ya mchanga. Zimbabwe walianza kupima vichuguu kutafuta dhahabu zamani, na Australia wamefanya pia. Hata miti: 2013 watafiti wa Australia walikuta chembe za dhahabu kwenye majani ya mkaratusi, mizizi imeshuka zaidi ya mita 30 kunywa maji. Kwa hiyo 210 kwenye kichuguu kikubwa ni habari njema kuliko 210 kwenye udongo wa kawaida. Mimi ningekifuata kichuguu, niache duara.

#27 NgwanaNzega

Wakuu, nimerudi, na nimechanganyikiwa zaidi.

Nimekaa na mama leo. Nikamuuliza habari za lile eneo la mkwaju. Akaniambia miaka ya mwanzo ya tisini, kabla hatujanunua, palikuwa na watu wanaosha mawe pale. Walikuwa wanaleta mifuko kwa baiskeli kutoka upande wa Lusu, kwa sababu pembeni ya mkwaju palikuwa na kisima kisichokauka. Wakawa wanatupa marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, hapo hapo kwenye kichuguu.

Chupa ya shemeji nimeipata pia. Chembe 11. Saba ni bapa na laini. Nne zina makucha, na moja imeshika kipande cheupe.

#28 MamaKarasha

Haya. Kichuguu kimejibiwa. Ni marudio.

#29 MzeeWaSampo

Hakijajibiwa. Sampo moja juu ya kichuguu chenye marudio haiwezi kutuambia chochote kwa upande wowote. Achimbe ndani ya kichuguu mita moja na nusu, atoe udongo wa mchwa ambao haujaguswa na mtu, na sampo nyingine kwenye vichuguu vingine vilivyo mbali na mkwaju. Kama vya mbali navyo viko juu, hoja ya marudio inaanguka.

#30 MkulimaWaManonga

Na saba laini kwa nne zenye makucha? Hapo zimechanganyika zilizosafiri na za nyumbani. Kilima kina sehemu yake na shamba lina sehemu yake.

#31 JiolojiaKijana

Mkulima, tahadhari kidogo. Dhahabu iliyoyeyushwa na kutulia tena kwenye moramu nayo inaweza kuwa laini, haikusafiri popote. Umbo peke yake linadanganya kwenye nchi ya moramu. Mtoni kama kwa MwishoWaReli linasema vizuri zaidi.

#32 Kifusi_na_Maji

Kwa hiyo mpaka sasa ni: imeyeyuka, imeteremka, imeletwa na baiskeli, imebaki kwenye karasha, imekosewa kupimwa, rigi imepita pembeni. Mimi nilisema imehama. Sioni kama tuko mbali sana.

#33 MamaKarasha

Hapo umenishika, Kifusi.

#34 Mwenye_PL

Nimefuatilia kimya. Jambo la sheria kidogo kwa kijana. Kilima cha kaskazini kiko nje ya leseni yako, usikanyage na sururu kabla ya kujua ni cha nani. Nenda ofisi ya madini ya mkoa waangalie kwenye mfumo, inawezekana kuna leseni ya utafutaji ya mtu juu yake. PML haizidi hekta 10 na inadumu miaka 7, angalia yako imebaki mingapi kabla hujauza ng'ombe wengine. Na GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, Dodoma wana ramani za jiolojia za eneo hilo, zile za kipimo cha 1:100,000. Ukiiona utajua jiwe la kilimani na jiwe la shambani ni ndugu au siyo. Ni karatasi ya bei ndogo kuliko mita moja ya rigi.

#35 FundiRigi

Na mtaro. Nasema tena mtaro. Kaskazini hadi kusini, ukate moramu yote ufike kwenye mwamba uliooza, upana wa mtu kugeuka na sururu. Usizidi mita 2 bila kuegemeza kingo, nimezika rafiki kwa mtaro wa mita 3 na nusu. Halafu mkwaruze ukuta mita moja moja, kila mita mfuko wake. Mkikutana na jiwe jeupe lenye kutu na vitundu, pimeni limeelekea wapi na limelalia wapi. Mkilipiga nyundo likanuka kama kitunguu saumu, mniite usiku huohuo, hapo kuna aseniki na dhahabu hupenda kuambatana nayo.

#36 NgwanaNzega

Taarifa. Siku kumi zimepita. Samahani kwa ukimya, mikono ilikuwa na malengelenge, nilishindwa kuandika kwenye simu.

Mtaro una mita 46, tumeanzia mita 20 juu ya duara. Wazee wa ardhi tuliwaita pia, Kifusi, mama alisisitiza, na mzee wa jirani alikuja kumwaga maji na kutuombea. Mita ya 17 hadi 19 tumekuta mistari mitatu ya mawe meupe, myembamba kuliko kidole, imejikunja ndani ya udongo wa njano. Ina vitundu vya mraba vyenye kutu. Tumeitwanga kwenye kinu cha mama, si karasha, tukaosha kwenye karai jipya. Chembe mbili. Ndogo, lakini zina makucha. Mita ya 30 kwenda chini moramu inazidi kuwa nene na kokoto zake zimekuwa za mviringo, kama Mkulima alivyosema.

Kichuguu tumekikata. Juu kuna marudio kweli, mchanga wa kijivu kiasi cha kiganja na nusu. Chini yake ni udongo wa mchwa, mwekundu. Sampo ziko kwenye mfuko, nimeongeza na vichuguu vingine vitano vya mbali, na sampo tupu mbili ambazo sijamwambia mtu ni zipi.

#37 MzeeWaSampo

Kazi nzuri sana, mwanangu. Vitundu vya mraba ni nyumba za pairaiti, madini ya chuma na salfa, iliyooza. Majibu yakirudi uyaweke yote, mabaya na mazuri.

#38 JiolojiaKijana

Ile mistari mitatu imelalia upande gani?

#39 NgwanaNzega

Kaskazini, nadhani. Kama digrii 65. Lakini nilipima kwa programu ya simu na simu yenyewe ina ufa.

#40 FundiRigi

Mvua za kwanza zinanukia huku Uyui, kwenu haziko mbali. Azima dira ya kweli kesho asubuhi upime kabla mtaro haujajaa maji. Kama ni kaskazini kweli, shimo lako la wima pale kwenye duara, kusini yake, lingeupita mshipa kwa nyuma bila kuuona.

#41 MkulimaWaManonga

Na ile 0.71 ya mita 31?

#42 FundiRigi

Hapo ndipo sijui nikwambie nini, mkuu. Hiyo ingetakiwa isiwepo.

#43 NgwanaNzega

Dira nimeazima kwa mwalimu. Kesho alfajiri naingia mtaroni.